Rangi yenye Inaitwa 01;31m

Siku ya kwanza, 10 janvier 2011

Chef Félicien amerudia toka formation, mafunzo ya kazi ya Kisangani. Wiki mbili! Amenona. Amekuja na sacoche mupya na neno mupya: visibilité. Asubui yote visibilité hapa, visibilité kule. Nilifikiri ni ugonjwa.

Mwisho nikaelewa. Écran yetu haimufurahishe. Anasema wageni wakiingia ku bureau yetu ya Bunia wanakuta dirisha nyeusi na maandiko nyeupe, sawa ubao ya primaire, hawaone kama tuko natumika. "Glodie, weka rangi. Kazi ionekane!"

Bon. Miaka tatu sasa niko natafuta watoto wenye walipotea mu vita, na hii machine moja tu. Ilikufa mara mbili na virusi ya ba-flash disk ya watu, mpaka mwalimu wangu wa zamani akaniwekea Linux. Hakuna picha, hakuna mapambo. Mzazi anakuja, anataja jina. Naandika grep, naandika ile jina, na machine inapita mu ba-liste yote — Ariwara, Mahagi, Aru, Beni — inaniletea mistari yenye iko na ile jina. Basi. Chef anasema "gerepe". Nilishachoka kumurekebisha.

Rangi yenyewe iko tayari ndani. Unaongeza neno moja, na ile jina yenye imepatikana inawaka rouge katikati ya mustari. Lakini hii programme iko na haya yake: ikisema na mutu, inavaa rangi, ikisema na fichier, faili tu, inavua. Hiyo tabia inaitwa auto. Miye nilitaka chef aone rangi kila fasi, ata mu ile njia ya kusoma ukurasa kwa ukurasa. Nikaandika always. Sikuzote! Chef akapiga mikono. Nikajiona mutu.

Siku ya pili, 11 janvier

Mama Scholastique amefika saa mbili, sawa kila siku ya pili. Anauzisha samaki ya chumvi ku soko ya Mudzipela. Harufu inaingia kwanza, yeye nyuma. Anaweka kitunga chini, hakai mbele ya kuuliza.

"Iko?"

"Bado, mama."

"Sawa."

Njo anakaa sasa, anapumuzika, anaenda kuuzisha. Miaka tatu hivyo. Mutoto wake Denise alimupotea mu 2003, ku njia ya Bambu, watu wakikimbia. Alikuwa amemushika mukono, kisha akajikuta ameshika mukono ya mutoto mwingine! Ile siku alinielezea, nilienda kulia ku cabinet, mu choo. Denise alikuwa na miaka sita.

Siku hizi hakuna mutu anauliza kabila ya mwenzake. Tunauliza tu, kwa upole: mulikimbia toka njia gani? Na kila mutu anafanya hesabu yake kimya. Amani iko, ndiyo. Lakini usifunge mulango kwa nguvu, watu wote wanalala chini.

Kisha papa Donatien, mwenye anatafuta mujukuu yake Elysée. Écran yetu inaangalia watu juu prise iko moja tu, na waya ni mufupi. Nimeandika Elysée, inatoka Elysée moja ya Beni, muzee wa miaka makumi tano, hapana yeye. Lakini papa ameona jina inawaka. Akasimama.

"Ako na rouge? Amefeli nini tena, na ata hatujamupata!"

Nimecheka vibaya. Lakini ni kweli, hapa rouge ni bulletin ya shule. Ukikosa nusu ya points, mwalimu anakuandikia na bic nyekundu, na unarudia nyumbani polepole. Miye nilipata rouge ya calcul, hesabu, miaka ine. Baba alifikiri ni mimi nilichagua rangi.

Siku ya ine, 13 janvier

Hakuna courant. Groupe ya umeme haina mafuta. Chef ameshinda anapiga cachet, ile muhuri yake, ku makaratasi tupu, eti ya kutayarisha. Jino inaniuma.

Siku ya tano, 14 janvier

Flash ya Ariwara imefika! Masista wa kule wameandika upya watoto yote yenye iko kwao na ku majirani. Majina mia mbili na kumi na mbili. Nikaweka majina yenye wazazi wetu wanatafuta upande huu, liste ya masista upande ule, nikapiga Enter na kufunga macho.

Kumi na moja. Kumi na moja! Mu siku moja! Mwaka jana yote tulipata tatu.

Elysée ya papa Donatien iko, na jina ya baba yake. Na hii hapa, nimeisoma mara sita:

Denise, karibu miaka 14, njia ya Bambu, hajue jina ya baba, alama ya moto mukono ya kushoto.

Nikafungua dossier ya mama Scholastique. Alama ya moto, mafuta ya kukaanga. Mukono ya kuume.

Eeh, Mungu. Kuume, kushoto. Chef anasema labda sista alikuwa anaangalia mutoto uso kwa uso. Labda. Na ba-Denise wako wangapi mu Ituri? Na wangapi walichomwa ile mwaka?

Hatutamwambia mutu kitu mbele ya kuhakikisha. Hiyo ni sheria, na chef njo mwenye aliiandika. Niliweka majina mu fichier, nikamupa chef ku flash: Katsuva wa secrétariat aipige ku karatasi, moja ya bureau, moja dereva apeleke Ariwara masista wahakikishe. Nikaenda nyumbani. Shavu yangu imekuwa ndimu mbili.

Siku ya Mungu, 16 janvier

Jino imetulia, shavu bado. Nilienda misa na kitambaa ku uso, nikifikiri nitapita bila kuonekana. Wapi! Mama moja ananishika mikono yote mbili: aksanti, aksanti kwa ile tarehe. Tarehe gani? Mwingine ananipiga alama ya musalaba ku kipaji ya uso. Papa Donatien anasema ameshapata bata.

"Bata ya nini, papa?"

"Ya trente et un, mutoto wangu. Usijifanye."

Nikacheka na upande moja ya kinywa, upande yenye haiumi. Sijue niliahidi nini.

Siku ya kwanza, 17 janvier

Nimeona. Mungu wangu, nimeona.

Chef alitundika liste ku mulango tangu siku ya posho, 15 janvier. Visibilité! Cachet tatu juu yake. Na kila jina iko vile:

[01;31m[KDenise[m[K
[01;31m[KElysée[m[K

mpaka mwisho, kumi na moja. Nilicheka mpaka shavu ikataka kupasuka. Kisha nikaacha.

Niandike vizuri, hii kosa ni yangu. Mu machine, rangi haiko rangi. Ni maneno ya chini chini. Unaiambia "01;31m": anza rouge, nene. "K": safisha mustari. "m" peke yake: acha sasa. Écran inasikia, inatii, inanyamaza. Karatasi haijue kunyamaza. Karatasi iko sawa mama Suzanne jirani yetu, inarudilia kila kitu yenye ilisikia. Kama niliacha auto, programme ingeona fichier na kuvua rangi yenyewe. Miye niliiambia always. Ikatii, masikini.

Katsuva aliona. Alimuuliza chef: hii ba-crochet, mabano, nizitoe? Chef akasema usiguse, ni code ya machine.

Na watu wa Bunia, wenye wanasoma kila kitu — walisoma. 01 ni mwezi wa kwanza. 31 ni tarehe. m ni matin. K ni kuja. Kwa hiyo watoto wanakuja tarehe trente et un asubui! Iko wazi, iko na cachet.

Nikamwambia chef tuitoe. Akafunga mulango. Akaongea chini, bila visibilité yoyote.

"Glodie, hesabu. Majina tano ni ya njia hii, sita ni ya njia ile. Nikiitoa leo, ku midi, saa sita, wa huku watasema wa kule wameiba watoto yao. Na wa kule vile vile. Unajua karatasi ya majina ilikuwa nini hapa mu vita?"

Najua. Kila mutu mwenye miaka yangu anajua. Ilikuwa liste ya kuua watu.

"Na tena," akasema, "waliniuliza kama ni trente et un."

"Ukajibu nini, chef?"

"Nilisema ndiyo."

Siku ya pili, 18 janvier

Saa mbili. Saa tatu. Saa ine.

Mama Scholastique hakukuja. Miaka tatu, na mvua, na malaria, ata ile siku ya risasi ku rond-point, hakukosa. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Sikuhitaji.

Siku ya tatu, 19 janvier

Nimepanda taxi-moto, pikipiki, mpaka Mudzipela. Nilisikia kilio mbele ya kuona nyumba.

Wametandika mikeka mu lupango, mbele ya nyumba. Bamama wa soko yote iko. Mama Scholastique amekaa katikati, amenyolewa kichwa! Kichwa tupu, inangaa. Aliponiona akanyoosha mikono: "Aksanti kuja kunililia mutoto."

Kumbe hajue kusoma. Siku ya posho aliomba mwalimu Osée, jirani yake, amusomee liste. Osée anafundisha ku sixième primaire na hapende kusema "sijue". Akasoma: 01;31, alikufa tarehe trente et un mwezi wa kwanza, mwaka yenye ilipita. m, mort. K, kufa. Nikamuuliza mbele ya watu: na juu ya nini waandike mara mbili, mwalimu? Akanijibu bila haya: "Moja ya français, moja ya swahili. Ni bureau ya kila mutu."

Ningemupiga. Lakini ilikuwa na akili kuliko fichier yangu.

Nikapiga magoti mbele ya mama. Nikasema: mama, hajakufa, hakuna mutu aliandika kufa, ile ni rangi tu. Machine ilitaka kupaka jina rangi, karatasi ikashindwa.

"Rangi gani?"

Kinywa yangu! Kinywa yangu ilitangulia kichwa.

"Nyekundu, mama."

Kwake nyekundu ni damu. Akaanguka. Bamama wote wakaanza upya, kwa nguvu. Mama moja wa ndizi akaniambia: mutoto, umekuja kufariji ao kumaliza?

Nilikaa pale mpaka wakachoka. Nikamwambia mama Scholastique aje kesho aone na macho yake. Nikamwambia pia ukweli mwingine: kushoto, kuume, sijue kama ni Denise wake. Akaangalia mikono yake, kwanza moja, kisha ingine. Akaniuliza: "Lakini anapumua?" Nikasema: ule mwenye iko ku liste, ndiyo, anapumua.

Siku ya ine, 20 janvier

Nilifika mbele ya kila mutu ili nibadilishe rangi. Iko nane, toka 30 mpaka 37. Unaandika namba ingine mu fasi ya 31, ni hiyo tu. Nilifikiri ni kazi ya dakika moja. Chef akaingia na chai yake, akaniharibia.

Nikaweka 32, rangi ya majani. Nzuri! Chef anasema: majani ni tenue, nguo ya askari. Kila mutu mu Bunia akiona majani anatafuta njia ya nyuma. Nikaweka 33, njano. Chef akaangalia mulango: "Rangi ya chama, mwaka ya uchaguzi, Glodie?" Bleu? Bleu ni kofia ya ba-casque bleu, askari ya ONU, watasema watoto wanapelekwa na ndege. Mauve, zambarau, ni ya askofu, na upande ya watu wa temple, ba-protestant, watauliza juu ya nini jina ya mutoto wao imevaa sawa askofu. 36 ni bleu ya maji. Chef anasema ni bleu yenye inaogopa. Kwa hasira nikaweka 30. Nyeusi juu ya nyeusi. Jina ya Denise ikapotea kabisa, ikabaki shimo katikati ya mustari: karibu miaka 14, njia ya Bambu. Mutoto alipotea mara ya pili mbele ya macho yetu. Tulicheka, kisha nikarudisha 32 haraka.

Mama Scholastique akaingia na mwalimu Osée. Bila kitunga. Ni mara ya kwanza naona mikono yake tupu. Nikaandika grep, Denise, Enter. Jina ikawaka majani, bichi kabisa, sawa sombe ya muhogo.

"Ona, mama. Haiko nyekundu."

Akasogea karibu ya écran.

"Ilikuwa nyekundu, ulisema."

"Ndiyo. Niliibadilisha."

"Weye?"

"Ndiyo, miye."

"Na unaweza kuirudisha?"

Nikamuonyesha. 31, rouge. 32, majani. 31. 32. Nilikuwa najivuna, mupumbavu mimi! Akanishika mukono.

"Basi njo weye unaamua nani ako hai."

Aka! Chef akakohoa mu chai. Na miye nilijua kumwambia nini? Kwamba rangi haiseme kitu? Basi tuliiweka juu ya nini?

"Itoe," akasema. "Itoe yote. Unisomee tu."

Nikaandika never, ata siku moja. Écran ikarudia yake ya zamani, nyeusi na nyeupe, ubao ya primaire. Nikamusomea polepole. Denise. Karibu miaka kumi na ine. Njia ya Bambu. Hajue jina ya baba. Alama ya moto, mukono ya kushoto.

"Rudilia."

Nikarudilia. Akaomba tena. Mara ya ine alikuwa anasema na miye, kwa kichwa, sawa sala. Fasi ya kushoto alikuwa anasema "kuume". Sikumurekebisha.

Siku ya kwanza, 24 janvier

Masista wamepiga simu! Réseau ya kule inaingia na kutoka. Sista Godelive, mukubwa wao, anasema: tuko tayari, tumepata liste yenu na tarehe, watoto wanashona nguo.

"Tarehe gani, sista?"

"Trente et un, matin. Haiko hivyo?"

Nao vile vile! Walisoma sawasawa na Bunia yote. Hakuna mutu mu dunia aliamua hii tarehe. Ni programme iliamua, juu niliiambia sikuzote, na sasa kuna gari, kuna mafuta, kuna nguo inashonwa. Nikamuangalia chef. Akasema na kidole: ndiyo, ndiyo, sema ndiyo!

"Ni hivyo, sista."

Nikamuuliza juu ya Denise. Mukono gani? Akasema: ngoja niite mwenye — tuuut. Réseau imekufa.

Siku ya tatu, 26 janvier

Nilipiga mara kumi na saba. Hakuna.

Chef amechora ku karatasi fasi ya kila mutu: wa njia hii upande wa kushoto wa lupango, wa njia ile upande wa kuume. Nikamwambia, chef, ukiwagawa, wewe njo unawakumbusha. Akafuta. Sasa ni kwa alphabet. Mara ingine ako na akili, nakubali.

Siku ya posho, 29 janvier

Ujumbe moja ilipita, yenye imekatika: "Gari imetoka. Watoto saba. Ine wanabaki juu ya ma—"

Ma nini? Malaria? Masomo? Makaratasi? Mama? Chef anachagua makaratasi. Ni dini yake.

Saba ku kumi na moja. Na majina hayakufika.

Siku ya Mungu, 30 janvier

Gari imelala Mahagi, dereva wa mboga mwenye aliipita anasema. Kesho watapita Djugu, na barrière zake za askari. Watu wamesali kwa ile gari mu kanisa zote, kila mutu kwa Mungu wake na kwa barabara moja.

Nilienda kumuona mama Scholastique. Nilikuta anajiangalia mu kioo, kipande kidogo. Nywele imeanza, kidogo tu, sawa vumbi.

"Hatanijua," anasema. "Aliniacha na nywele ya kusuka. Yeye mwenyewe alikuwa anashika hii musuko hapa akitaka kulala."

Nikasema nitamuletea kitambaa. Akauliza rangi gani. Tukaangaliana, na tukacheka! Wa kwanza kucheka ni yeye. Tulicheka mpaka mwalimu Osée akatoka nje kuuliza kama iko habari. Kisha akasema, akipanguza macho: lete yoyote, mutoto wangu, rangi haina kosa.

Nimechukua ile ya mama yangu. Iko nyeupe.

Sijamwambia kama ni saba tu. Nilienda kumwambia, njo kisa cha kwenda. Nilicheka naye badala ya kumwambia. Nina aibu.

Siku ya kwanza, 31 janvier

Saa kumi na mbili na nusu: watu wamejaa. Wamekaa kwa alphabet! Wa njia hii na wa njia ile wamechanganyika sawa mchele na maharagi, na hakuna mwenye amesema kitu, wanasaidiana kushika watoto wadogo. Papa Donatien ameleta bata. Bata inamukimbia chef ndani ya lupango.

Saa mbili: bado. Nimemwambia mama Scholastique. Nilimwambia masikioni: ni saba, mama, na sijue ni nani. Akajibu: "Nilijua. Jana uso yako ilikuwa tayari inasema." Basi.

Saa tatu: mwalimu Osée anatangaza kwa watu kama m inaweza pia kuwa midi. Wamemukubalia. Kwa mara ya kwanza namupenda.

Saa tatu na nusu: liste iko bado ku mulango, na crochet zake. Jua imeanza kukula wino.

Saa ine na kitu: klakson. Iko! Iko ku kona, naona vumbi. Watu wote wamesimama. Naandika nimeegemea mulango, cahier juu ya liste.

Gari imesimama. Mama Scholastique amegeuka, ameipa gari mugongo. Ameshika mukono yangu ya kushoto, naandika na ya kuume. Kitambaa imemuanguka ku mabega, hajue.

Wanashuka. Wa kwanza ni kijana. Wa pili, Elysée, sina shaka, ni uso ya papa Donatien bila ndevu. Muzee ameachilia bata. Wa tatu na wa ine ni mapacha. Wa tano.

Wa tano ni musichana murefu. Nguo ya mikono mirefu, mpaka ku vidole. Hashuke haraka. Amesimama ku mulango ya gari, anaangalia vichwa ya bamama, moja moja, nywele, nywele, nywele. Anapita juu ya kichwa yenye haina. Anarudi ku ile kichwa.

"Iko?" mama ananiuliza, macho amefunga.

Miaka tatu naijibu hii swali bila kufikiri. Leo siseme "bado", namugeuza polepole, na ule musichana anakunja mukono ya nguo yake, ya kuume.